Shahada ya Kisanskriti: msomi atakula nini?



Tuanze na neno moja. Mswahili anapohesabu mia elfu husema laki. Neno hilo limetufikia kutoka Bara Hindi, na asili yake ni Kisanskriti, lugha kongwe ya vitabu vya dini, falsafa, sheria na elimu ya nyota vya Wahindu. Hata majina ya sukari tunayotia katika chai na pilipili tunayotia katika mchuzi yalianzia katika lugha hiyo, yakapita vinywani mwa Waajemi na Waarabu, kisha yakafika pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1813 Bunge la Uingereza liliitaka Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, iliyokuwa ikitawala sehemu kubwa ya Bara Hindi, itenge kila mwaka rupia laki moja kwa ajili ya elimu ya Wahindi. Laki hiyo ndiyo iliyozusha mabishano ambayo hadi leo hayajakwisha. Je, kijana akitumia miaka ya ujana wake chuoni akisoma Kisanskriti, atakapohitimu atakula nini?

Mtu anaweza kudhani kwamba swali hilo limeletwa na zama hizi za kompyuta na biashara. Sivyo. Wahitimu wenyewe waliliuliza karibu miaka mia mbili iliyopita, na jibu walilopewa lilibadili historia ya elimu ya India.

Ili tuelewe ombi lao, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Kwa karne nyingi mwanachuoni wa Kisanskriti, aitwaye pandita, aliishi kwa ukarimu wa wafalme, matajiri na mahekalu. Utawala wa Kampuni ulipoingia, mlango mwingine ulifunguka. Mwaka 1772 Warren Hastings, aliyekuwa Gavana wa Bengal, aliagiza kwamba katika mambo ya ndoa na mirathi, Wahindu wahukumiwe kwa sheria zao na Waislamu kwa sheria zao. Mahakimu wa Kiingereza hawakuzijua sheria hizo. Basi mahakama zikaajiri mapandita wa kuwafasiria vitabu vya Kihindu, na wanazuoni wa Kiislamu wa kuwafasiria vitabu vya Kiarabu. Mwaka 1791 Jonathan Duncan, mwakilishi wa Kampuni mjini Benares, alianzisha huko chuo cha Kisanskriti, na moja ya shabaha zake ilikuwa kupata wataalamu wa sheria hizo.

Hivyo elimu ya kale ilipata mwajiri mpya, nayo serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri huyo. Hilo lilikuwa neema na pia hatari, kwa maana aliyefungua mlango ndiye mwenye uwezo wa kuufunga.

Mwaka 1823, serikali ilipokuwa ikijitayarisha kufungua chuo kingine cha Kisanskriti mjini Calcutta, ambao leo huitwa Kolkata, ilipata upinzani kutoka upande usiotarajiwa. Raja Rammohan Roy, mwanamageuzi mashuhuri wa Bengal, alimwandikia barua Gavana Mkuu, Lord Amherst, akimsihi asitumie fedha hizo kwa jambo hilo. Roy alikijua vyema Kisanskriti, pamoja na Kiarabu na Kiajemi. Hata hivyo alihofu kwamba vijana wangepoteza miaka mingi katika vipengele vya sarufi na mabishano ya falsafa, ilhali nchi yao ilihitaji hisabati, kemia na elimu ya viungo vya mwili. Barua yake haikusikilizwa. Chuo kilifunguliwa mwaka 1824, na wanafunzi wakawa wanalipwa posho ili wasome.

Baadaye, wahitimu kadhaa wa chuo hicho waliwasilisha ombi mbele ya kamati ya serikali iliyosimamia elimu. Walieleza kwamba wamesoma miaka kumi au kumi na miwili, wamepata vyeti vya kuthibitisha umahiri wao, lakini hawaoni njia ya kuboresha maisha yao bila ya msaada wa kamati hiyo. Wakaomba wafikiriwe nafasi za kazi. Wapenzi wasikilizaji, nani kati yetu hajapata kumwona kijana mwenye bahasha ya vyeti akipita ofisi moja hadi nyingine? Bahasha ile si ngeni katika dunia hii.

Ombi hilo lilimfikia Thomas Macaulay, mjumbe wa baraza la Gavana Mkuu. Katika waraka wake maarufu wa Februari 2, 1835, Macaulay alilitumia kama ushahidi dhidi ya walioliandika. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanafunzi wa Kisanskriti au wa Kiarabu hulazimika kulipwa ili asome, ilhali anayetaka Kiingereza yuko tayari kulipa mwenyewe. Elimu ambayo baada ya kuipata mtu huja kuomba fidia, alidai, haina thamani sokoni. Macaulay mwenyewe alikiri katika waraka huo kwamba hakujua Kisanskriti wala Kiarabu. Pamoja na hayo, mwezi uliofuata Gavana Mkuu, Lord William Bentinck, aliamua kwamba fedha za elimu zielekezwe kwenye masomo ya Kiingereza. Vyuo vya kale havikufungwa, lakini wanafunzi wapya hawakupewa posho tena.

Macaulay alilizungumzia soko kana kwamba ni mvua inayonyesha kwa amri ya Mungu. Ukweli ni kwamba soko lile lilitengenezwa kwa amri za serikali, moja baada ya nyingine. Mwaka 1837 sheria ilifungua njia ya kukiondoa Kiajemi katika mahakama na ofisi. Mwaka 1844 serikali ilitangaza kwamba katika ajira zake itawapendelea waliosoma Kiingereza. Mwaka 1864 nafasi za mapandita na wanazuoni wa Kiislamu mahakamani zikafutwa kabisa. Lugha haikufa wala vitabu havikuungua. Kilichoondoka ni mshahara.

Lakini ndani ya chuo kile kile cha Calcutta alikuwamo mwanafunzi mmoja ambaye maisha yake yalionyesha njia nyingine. Naye ni Ishwar Chandra, aliyezaliwa mwaka 1820 katika familia ya Wabrahmani maskini, kijijini Birsingha. Aliingia chuoni mwaka 1829 akiwa mtoto, akatoka mwaka 1841 akiwa na lakabu ya Vidyasagar, maana yake bahari ya elimu. Tayari mwaka 1839 alikuwa amefaulu mtihani wa sheria za Kihindu uliomstahilisha kuwa pandita wa mahakama. Badala yake alipata kazi katika Chuo cha Fort William, ambako maofisa wa Kiingereza walifundishwa lugha za India, na hapo akazidi kujifunza Kiingereza.

Mwaka 1851 akawa mkuu wa chuo alichosomea. Mageuzi yake yaligusa lile lile alilolalamikia Rammohan Roy. Aliandika kitabu cha sarufi ya Kisanskriti kwa lugha ya Kibengali, ili mwanafunzi aelewe upesi kile ambacho zamani kilimla miaka. Alisisitiza Kiingereza kifundishwe sambamba na Kisanskriti. Alianza pia kuwafungulia mlango vijana wa matabaka ambayo hapo awali hayakuruhusiwa kuingia. Nje ya chuo alishiriki kuanzisha kiwanda cha uchapaji, na kitabu chake cha kwanza cha kusomea Kibengali, kilichotoka mwaka 1855, kimefundisha watoto wa vizazi vingi.

Kazi iliyompa jina kubwa zaidi, hata hivyo, ni ile ya kuwatetea wajane. Katika jamii ya Wahindu wa tabaka la juu, msichana aliyefiwa na mume hakuruhusiwa kuolewa tena, hata kama alikuwa bado mtoto. Vidyasagar alijua kwamba wapinzani wake hawatashindwa kwa vitabu vya Kiingereza. Akafungua vitabu vyao wenyewe, akatoa humo kifungu cha sheria za Parashara kinachomruhusu mjane kuolewa, akakitangaza na kukitetea hadharani. Julai 1856 sheria ya kuruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena ilipitishwa. Mtu asiyejua Kisanskriti asingeweza kuishinda hoja ile.

Wakati huo huo, Ulaya nako Kisanskriti kilikuwa kikileta mavuno yasiyotazamiwa. Mwaka 1786 jaji William Jones, aliyejifunza lugha hiyo ili asitegemee tu maneno ya mapandita wa mahakama, aliwaeleza wanachama wa Jumuiya ya Asia mjini Calcutta kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vimetoka katika chimbuko moja. Kutokana na wazo hilo ilikua elimu ya kulinganisha lugha. Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, kilimwajiri August Wilhelm Schlegel mwaka 1818, naye akawa mwanzilishi wa masomo ya Kisanskriti nchini humo. Oxford ikapata profesa wake wa kwanza wa Kisanskriti, Horace Hayman Wilson, mwaka 1832.

Hapa historia inatugusa sisi wenyewe. Wilhelm Bleek, aliyepata udaktari wake huko Bonn mwaka 1851, aliipeleka njia hiyo ya kulinganisha lugha barani Afrika. Yeye ndiye aliyelipa neno Bantu nafasi yake katika elimu ya lugha, kama jina la jamaa kubwa ya lugha ambamo Kiswahili kimo. Mwanafunzi wa isimu wa Dar es Salaam au Nairobi anayelinganisha Kiswahili na Kizulu anatumia zana zilizonolewa kwanza juu ya jiwe la Kisanskriti.

Na kama vile historia hupenda mzaha, mwaka 1854 ni Macaulay yule yule aliyeongoza kamati iliyopanga mitihani ya kuingia utumishi wa serikali ya India. Kamati hiyo iliviweka Kisanskriti na Kiarabu miongoni mwa masomo ambayo kijana wa Kiingereza angeweza kujipatia alama.

Je, hali ikoje katika karne hii? Nchini India Kisanskriti kimo katika orodha ya lugha zinazotambuliwa na Katiba. Katika sensa ya mwaka 2011, watu 24,821 tu waliitaja kuwa lugha yao ya mama, lakini wanaoisoma shuleni na vyuoni ni wengi mno kuliko hao. Shahada ya kwanza ya mtindo wa kimapokeo huitwa Shastri, na ya uzamili huitwa Acharya. Mwaka 2020 taasisi tatu, mbili za Delhi na moja ya Tirupati, zilipandishwa na kuwa vyuo vikuu vya serikali kuu. Nchini Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Cambridge kilitangaza kwamba Kisanskriti hakitakuwa tena somo kamili la shahada ya kwanza, ilhali Oxford iliendelea nalo.

Ajira zipo, ila hazifanani kwa wingi. Ualimu wa shule na vyuo ndio unaochukua watu wengi. Kuna kazi ya kusoma na kuhifadhi miswada ya kale, ambayo serikali ya India iliiundia mpango wa taifa mwaka 2003. Jeshi la India huajiri walimu wa dini wenye shahada hizo. Redio ya taifa ilianza kusoma taarifa ya habari kwa Kisanskriti mwaka 1974. Fasihi ya Kisanskriti ni somo la hiari katika mtihani wa kuingia utumishi wa juu wa serikali, na huko mhitimu hushindana na wahandisi na wanasheria.

Kuhusu kompyuta, inafaa kutenganisha mchele na pumba. Ni kweli kwamba Panini, mwanasarufi aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza lugha nzima kwa kanuni fupi zipatazo 4,000, zilizopangwa kwa namna inayowavutia wataalamu wa programu. Mwaka 2022 huduma ya tafsiri ya Google iliongeza Kisanskriti, na kazi za namna hiyo zinahitaji watu wanaoijua lugha. Lakini uvumi kwamba shirika la anga la Marekani, NASA, linaendesha kompyuta zake kwa Kisanskriti hauna ukweli. Chanzo chake ni makala ya mwaka 1985 ya mtafiti Rick Briggs, iliyoonyesha tu kufanana kati ya uchambuzi wa wanasarufi wa kale na njia za kuwakilisha maarifa ndani ya kompyuta. Mzazi asimpeleke mwanawe chuoni kwa kuutegemea uvumi huo.

Wapenzi wasikilizaji, tuwatazame tena wale waombaji wa Calcutta wakiwa bega kwa bega na Vidyasagar. Walisoma katika chuo kimoja, katika zama zile zile. Wale walingoja serikali iwape nafasi iliyokuwa ikitoweka. Huyu aliongeza Kiingereza, uandishi na uchapaji, na akaipeleka elimu yake mahali penye maumivu ya watu. Haimaanishi kwamba waombaji walikuwa wavivu. Waliitwa na serikali, wakalipwa wasome, kisha serikali hiyo hiyo ikawacheka kwa kukosa kazi. Lawama hiyo haikuwa yao.

Basi anayetaka kuchukua shahada hii leo na aichukue akijua mambo mawili. La kwanza, Kisanskriti peke yake kina milango michache, na funguo za mingi kati ya hiyo ziko mikononi mwa serikali. La pili, kikiambatana na ujuzi mwingine, iwe sheria, isimu, historia au kompyuta, humwezesha mtu kufanya kazi ambayo mwingine hawezi. Yapo mabishano ambayo hayawezi kushindwa ila na mtu aliyekisoma kitabu katika lugha yake, kama walivyoshuhudia wajane wa Bengal mwaka 1856.