Baraza linalolipwa na linayemkosoa

Muda mfupi baada ya saa sita usiku, Machi 24, 1989, meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, ikamwaga mafuta galoni zipatazo milioni 11. Wavuvi wa Prince William Sound walikwisha onya mapema. Nani aliwasikiliza?

Mwaka huohuo wananchi wakaunda baraza lao la ushauri: wavuvi, wenyeji wa asili, miji ya pwani, watu wa utalii. Sheria ya mafuta ya 1990 ikalitambua.

Sasa ndugu msikilizaji, gharama zake hulipwa na Alyeska, kampuni inayoendesha bomba la mafuta. Utauliza, mbwa atambwekea anayemlisha? Mkataba wa 1990 ulikwisha jibu: Alyeska italipa maadamu mafuta yanapita bombani, ila haina sauti juu ya kazi za baraza.

Baraza halitoi amri, hushauri tu. Lakini huajiri wataalamu wake. Kampuni iliposema kwamba hewa chafu ya mji wa Valdez hasa haitoki kwenye gati lake la kupakilia meli, wataalamu hao walikataa. Mwaka 1998 mitambo ya kunasa mvuke wa mafuta ikaanza kazi gatini.