Maji ya Mikeka na Bangili ya Ufalme: Ucheshi wa Amri za Wazazi katika Mapokeo ya Musumba

Amri nyingi ambazo wazazi huwapa watoto hutolewa pamoja na sababu za kuchekesha. Katika baadhi ya sehemu za Afrika mtoto hukatazwa kula mayai asije akawa mwizi. Sababu yenyewe haitajwi: yai likiliwa leo, kesho hakuna kifaranga. Makala haya yanachunguza amri ya jamii hiyo katika mapokeo ya Walunda, na jinsi ilivyotumiwa kueleza chanzo cha dola.

Musumba ni mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Zamani mfalme mpya aliweza kujenga Musumba yake mahali pengine. Leo upo Kapanga, katika jimbo la Lualaba ambalo makao yake makuu ni Kolwezi, mji wa shaba. Mapokeo ya huko yalichapishwa mwaka 1890 na Mreno Henrique Dias de Carvalho, aliyeongoza msafara wa kwenda kwa Mwant Yav baina ya 1884 na 1888.

Yasimuliwa kwamba mzee Konde alikuwa ameketi akifuma mkeka, na kando yake pana chungu cha maji aliyolowekea nyuzi. Maji hayo yalikuwa yamegeuka rangi yakawa meupe. Wanawe, Kinguri na Chinyama, wakarejea wamelewa. Walipoyaona walidhani ni tembo, wakamshutumu baba yao kwa uchoyo, kisha wakampiga. Binti yake, Ruwej, ndiye aliyemuuguza. Konde akawanyima wanawe urithi, na lukano, bangili ya ufalme, akampa Ruwej. Baadaye Ruwej aliolewa na mwindaji Chibinda Ilunga kutoka Uluba. Kaka zake walikataa kutawaliwa hivyo, wakahama.

Kichekesho kiko wazi: enzi inapotea kwa ajili ya maji machafu. Lakini ndani yake mna amri nzito, kwamba mtoto asimdhanie mzazi mabaya kabla ya kuuliza. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa ulimwengu uliwafunza wakaidi kwa namna ya ajabu, kwani Kinguri anatajwa kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Waimbangala huko Angola.

Je, hayo yalitukia? Joseph C. Miller, katika kitabu chake cha 1976, aliwaona wahusika hao kuwa vyeo kuliko watu. Jan Vansina, ambaye mwaka 1966 aliitumia safari ya Kinguri katika historia yake ya falme za savana, aliandika mwaka 1998 kwamba safari hiyo haikutukia kamwe.

Hata hivyo, kisa kilikuwa na kazi. Katika utawala wa Walunda, vyeo vilifungamanishwa kwa undugu wa kudumu. Mwenye kurithi cheo alirithi pia jamaa za cheo hicho. Kazembe wa Luapula, kwa mfano, huhesabiwa kuwa mwana wa Mwant Yav. Kwa hiyo mzee mwenye mvi aliweza kuwa «mtoto» wa kijana aliyetawazwa jana, naye akapaswa kumstahi kama baba. Mtoto wa kawaida hukua akaziacha amri za nyumbani. Mtoto wa cheo hakui kamwe. Dola iliyojengwa juu ya utii wa namna hiyo ilihitaji kisa ambacho kila mtu angekikumbuka, na kicheko ndicho kilichokihifadhi.