Kutoka Vocha ya Karatasi hadi Tokeni: Udhibiti wa Serikali na Jumuiya za Sarafu Mbadala nchini Kenya, 2013–2025

1. Utangulizi

Mnamo Mei 2013, wafanyabiashara wadogo zaidi ya 100 wa Bangladesh, mtaa wa mabanda ulioko Mombasa, walianza kulipana kwa vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Kabla ya mwezi huo kwisha, watu sita waliohusishwa na vocha hizo walikuwa wametiwa mbaroni. Miaka 12 baadaye, mnamo Oktoba 2025, Kenya ilipata sheria yake ya kwanza mahususi kuhusu watoa huduma za mali za kidijitali. Insha hii inachunguza kipindi kilichopo baina ya matukio hayo mawili ili kubainisha jinsi udhibiti wa serikali unavyoziathiri sarafu mbadala pamoja na jumuiya zinazozitumia.

Hoja kuu ni kwamba kutokuwepo kwa sheria mahususi hakukumaanisha kutokuwepo kwa udhibiti. Dola iliazima dhana za kisheria zilizokuwepo, yaani kughushi, uhamishaji wa fedha na kodi, ikazitumia kwa jambo ambalo halikukusudiwa na watunzi wake. Kila dhana iliyoazimwa ilihitaji mtu mmoja au ofisi moja ya kuwajibika. Kwa hiyo, udhibiti haukuishia kuamua ni sarafu ipi idumu. Uliibadili pia jumuiya yenyewe, kutoka mtandao wa majirani wanaodhaminiana hadi wateja wa asasi yenye anwani.

2. Vocha mbele ya sheria ya jinai, 2013

Bangla-Pesa ilitanguliwa na Eco-Pesa, iliyojaribiwa Kongowea mwaka 2010. Waasisi wake walianza na utambuzi mmoja: wakazi walipungukiwa na shilingi, si bidhaa wala nguvu kazi. Mama mboga aliona sukumawiki zikinyauka huku mwendeshaji wa bodaboda akikaa bila abiria, nao wote wawili walisubiri shilingi itoke nje ya mtaa. Vocha moja ilihesabiwa sawa na shilingi moja, lakini haikukusudiwa kubadilishwa kwa shilingi. Thamani yake ilitokana na ahadi ya wanachama kuipokea, na mwanachama mpya alihitaji kudhaminiwa na wenzake. Utaratibu huo haukuwa mgeni kwa watu waliozoea vyama vya kuchangiana.

Kifungu cha 231 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaipa Benki Kuu jukumu la kutoa sarafu. Hata hivyo, mashtaka ya 2013 yalijengwa juu ya Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vinavyohusu kughushi. Muktadha wa kisiasa nao ulichangia. Tuhuma za awali zilizihusisha vocha hizo na Mombasa Republican Council, vuguvugu lililodai kujitenga kwa Pwani. Mnamo Agosti 2013, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliyaondoa mashtaka hayo, na baadaye vocha zikarejeshwa katika mzunguko.

Ni muhimu kutofautisha kuondolewa kwa mashtaka na hukumu. Hakuna mahakama iliyotamka katika shauri hilo kwamba vocha za jumuiya ni halali. Washtakiwa walipata uhuru, lakini jumuiya haikupata kinga. Miongoni mwa walioshtakiwa walikuwemo wakazi wa kawaida wa mtaa huo, ilhali utetezi mbele ya umma uliongozwa na William Ruddick, mwasisi wa shirika la Grassroots Economics. Kuanzia hapo, shirika ndilo lililokuwa na sauti ya kuzungumza na serikali. Huu ulikuwa mwanzo wa mabadiliko ambayo teknolojia ingeyakamilisha.

3. Tahadhari ya Benki Kuu na kesi ya BitPesa, 2015

Mnamo Desemba 2015, Benki Kuu ya Kenya iliutahadharisha umma kwamba sarafu kama bitcoin si fedha halali nchini na kwamba mtumiaji hana ulinzi iwapo atapata hasara. Tahadhari hiyo haikuanzisha kosa jipya la jinai, lakini ilizionya taasisi za fedha kujitenga na sarafu hizo.

Mwaka huohuo, Mahakama Kuu ilishughulikia mgogoro wa Lipisha na BitPesa dhidi ya Safaricom, iliyokuwa imesitisha huduma ya M-Pesa kwa Lipisha. Mahakama ilikataa kutoa amri ya muda ya kuirejesha huduma hiyo, ikiona kwamba shughuli ya BitPesa ilielekea kuwa uhamishaji wa fedha unaohitaji idhini ya Benki Kuu. Funzo la kihistoria ni kwamba udhibiti hauhitaji kuigusa sarafu yenyewe; hutosha kufunga mlango unaoiunganisha na shilingi. BitPesa, ikiwa kampuni yenye mtaji, iliweza kupanua biashara yake katika nchi nyingine. Kikundi cha mtaa hakina njia hiyo.

4. Tokeni na kurudi kwa ofisi

Kuanzia 2018, Grassroots Economics ilihamishia vocha zake kwenye blokicheni, na tokeni iliyoitwa Sarafu ikatumika kupitia simu za kawaida zisizo na intaneti. Wakati wa janga la UVIKO-19, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilishiriki kuieneza katika maeneo kama Kinango na Mukuru.

Nadharia ya blokicheni husifu mfumo usio na kitovu. Historia ya Sarafu inaonyesha hali tofauti: ofisi ndiyo iliyosajili namba za simu, ikatoa tokeni za kuanzia na kuendesha mfumo. Kumbukumbu zilikuwa bora kuliko za karatasi, na mkaguzi angeweza kuzifuatilia. Lakini udhamini wa jirani kwa jirani, uliokuwa msingi wa 2013, haukuwa tena sharti kuu la kuingia.

5. Kodi na leseni, 2023–2025

Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya asilimia 3 ya thamani ya kila uhamisho wa mali ya kidijitali, iwe kuna faida au hakuna. Kwa mlanguzi anayenunua na kuhifadhi, mzigo huo ni mdogo. Kwa sarafu iliyobuniwa ili izunguke, hali ni nyingine: tokeni ya shilingi 100, iwapo ingetozwa kila inapobadili mikono, ingezaa kodi ya shilingi 30 baada ya kupita mikono kumi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2025, na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma.

Sheria ya Oktoba 2025, iliyopitishwa baada ya Kenya kuwekwa katika orodha ya uangalizi ya FATF mnamo Februari 2024, iliwapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kutoa leseni na kusimamia. Lengo lake la kuwalinda wawekezaji na kuzuia utakatishaji wa fedha ni la haki, kwani Wakenya wengi wamepoteza akiba katika miradi ya ulaghai. Tatizo ni kwamba kiini chake ni “mtoa huduma”. Katika mtandao ambamo kila mwanachama ni mdhamini, mtoaji na mpokeaji, mtoa huduma ni nani?

6. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba sheria ya jinai, masharti ya uhamishaji wa fedha, kodi na leseni, ingawa zilitofautiana kwa makali, zilielekea upande mmoja: zilizipa nafasi ya kudumu sarafu zenye asasi ya kuwajibika. Kwa hiyo, kudumu kwa Sarafu hakupaswi kusomwa kama ushindi kamili wa jumuiya ya Bangladesh. Kilichodumu ni jina, wazo na mfumo. Mamlaka ya majirani ya kuamua nani aaminiwe yalipungua njiani. Watafiti watakaotathmini sheria ya 2025 hawana budi kuhesabu leseni zitakazotolewa, lakini wapime pia vikundi ambavyo havitathubutu kuanza kwa kukosa ofisi ya kuviombea.