Hesabu na Haki katika Australia

Historia ya Wazungu katika Australia ilianza na daftari la wafungwa. Tangu mwaka 1788 hata mwaka 1868 Uingereza ilivusha bahari wahalifu wapatao 160,000, walioandikwa majina, makosa na vifungo vyao. Makoloni sita ya huko yalipoungana kuwa dola moja mwaka 1901, katiba iliagiza ya kuwa wenyeji wa asili wasitiwe katika hesabu ya watu wa nchi. Sharti hilo lilifutwa kwa kura ya wananchi mwaka 1967.

Hesabu ya jinai ilibaki mikononi mwa majimbo, maana kila jimbo lilikuwa na sheria zake na polisi wake. New South Wales iliunda ofisi ya takwimu na utafiti wa jinai mwaka 1969; na kwa sheria ya mwaka 1971 serikali ya shirikisho iliweka Canberra taasisi ya uchunguzi wa jinai. Nia haikuwa kuadhibu, bali kutambua asili ya kosa kabla halijatendeka, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Wataalamu walijua pia ya kuwa daftari la polisi huonyesha yale tu yaliyofikishwa kwao. Kwa hiyo mwaka 1975 wananchi waliulizwa majumbani mwao ni maovu gani yaliyowapata.

Mtihani mkubwa wa elimu hiyo ulikuja mwaka 1987, ilipoundwa Tume ya Kifalme kuchunguza vifo vya wenyeji wa asili katika mahabusu na magereza. Tume ilichunguza vifo 99, ikatoa taarifa yake mwaka 1991. Wengi walidhani ya kuwa mwenyeji aliyefungwa hufa upesi kuliko mfungwa mwingine. Hesabu ilikanusha: tofauti haikuwa ndani ya gereza, ilikuwa mlangoni pake, kwa kuwa wenyeji walifungwa mara nyingi mno kupita wenzao. Tume haikuwasafisha walinzi, maana iliona uzembe mwingi. Lakini ilitazama nyuma zaidi, ikakuta ya kuwa 43 kati ya marehemu hao walitengwa na jamaa zao tangu utotoni.

Mapendekezo yalikuwa 339. Moja lilitaka kifungo kiwe njia ya mwisho; jingine lilitaka vifo vya mahabusu na magereza vihesabiwe daima, na tangu mwaka 1992 taasisi ya Canberra imefanya kazi hiyo. La kuhesabu lilitimizwa. La kupunguza vifungo halikutimizwa. Mwaka 1991 wenyeji walikuwa kama 14 katika kila wafungwa 100. Mwaka 2023 walikuwa kama 33, hali wao hawafiki wanne katika kila raia 100. Takwimu iliuonyesha ufa mahali ulipo. Kuuziba si kazi ya takwimu, ni kazi ya wenye mamlaka.