Mkojo umeziba? Jua maana ya N13 kwenye karatasi yako ya hospitali

Mgonjwa akiona "N13.2" au "N40" kwenye karatasi yake, anaweza kudhani ni namba ya faili tu. Kumbe ni jina la ugonjwa wake, limeandikwa kwa namba.

Namba hizo zinatoka kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1990. ICD-11 ilianza rasmi Januari 2022, lakini ICD-10 bado inatumika sehemu nyingi.

Namba za kuziba kwa mkojo

- N20: mawe kwenye figo au mrija wake, figo haijajaa mkojo.
- N13.2: mawe yameziba, figo imejaa mkojo na kutanuka.
- N13.6: kumeziba na kuna maambukizi.
- N40: tezi dume imekua, siyo saratani.
- N35: njia ya kutolea mkojo imekuwa nyembamba, mara nyingi kwa sababu ya kovu.
- R33: mkojo umegoma kutoka. Hii ni dalili, siyo chanzo.

Kosa dogo, hatari kubwa

Figo iliyoziba ikiwa na maambukizi ni dharura. Bakteria wanaweza kuingia kwenye damu na kuua. Dawa peke yake mara nyingi haitoshi, lazima mkojo uliokwama utolewe. Sasa kama faili linasema N20 tu, daktari wa zamu inayofuata anaweza kuona ni mawe ya kawaida, mgonjwa akaachwa asubiri.

Bima nayo inasoma namba hizo. Upasuaji usipoendana na ugonjwa ulioandikwa, dai linaweza kukwama.

Daktari aandike nini?

Mahali palipoziba, upande gani, chanzo, kama kuna maambukizi, na figo zinafanyaje kazi. Anayeweka namba hatakiwi kukisia. Hata kama picha ya ultrasound inaonyesha figo imejaa mkojo, daktari asipoliandika hilo, inabidi aulizwe kwanza.

Na wewe mgonjwa?

Ukiruhusiwa, omba muhtasari wa matibabu na uulize kila namba ina maana gani. Ukipata homa, kutetemeka na maumivu ya ubavu, au mkojo ukigoma kabisa, usisubiri kliniki. Wahi hospitali, na karatasi hiyo uende nayo.