Ukiacha dawa kwenye chakula cha kuku, usugu unaisha?

Ndugu mfugaji, swali hili mnaniuliza sana. Jibu lake lilionekana Denmark miaka ya 1990, na si la ndiyo wala hapana.

Wafugaji wa huko walikuwa wakichanganya avopasini kwenye chakula cha kuku na nguruwe. Si kwa ajili ya kutibu, bali mifugo inenepe haraka. Avopasini ni ndugu wa vankomisini, dawa ambayo hospitali huitegemea pale nyingine zinaposhindwa. Bakteria akishakuwa sugu kwa moja, na nyingine haimuui. Mwaka 1995 Denmark ikaipiga marufuku, na mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ukafuata.

Sasa angalia tumboni mwa kuku. Humo bakteria wanagombania chakula na nafasi, kama vifaranga kwenye chombo kimoja. Ukiweka dawa, wasio sugu wanakufa, sugu wanabaki na chombo peke yao. Ukiitoa, mara nyingi sugu ndiye anayeachwa nyuma, maana kinga yake inamla nguvu. Kwa kuku wa nyama ilikuwa hivyo: bakteria wa utumbo waitwao enterokoki waliokuwa sugu walishuka kutoka asilimia 73 hivi ya waliopimwa mwaka 1995 hadi karibu 6 mwaka 2000.

Kwa nguruwe haikuwa hivyo. Marufuku ilipita, usugu ukabaki palepale. Kumbe tailosini, hiyohiyo mnayonunua kwa ajili ya mafua ya kuku, ilikuwa bado inawekwa kwenye chakula cha nguruwe. Vinasaba vya usugu wa dawa zote mbili vilikaa pamoja kwenye kipande kimoja, hivyo kila tailosini ilipoingia iliwabeba na wale sugu wa vankomisini. Tailosini ilipopunguzwa mwaka 1998, ndipo wakaanza kushuka. Kwa hiyo wewe mwenye duka, mteja akikuambia ameacha dawa fulani, muulize na zile nyingine anazoweka kwenye maji.

Norway nao waliacha avopasini mwaka 1995. Miaka mitatu baadaye, enterokoki sugu walikuwa bado wanapatikana kwenye mabanda yaliyowahi kuitumia, ndani ya kuku ambao hawakuwahi kuionja dawa hiyo.