Kompyuta za sataranji zilivyojifunza pa kuanzia

Mwaka 1956, huko Dartmouth, Marekani, Alex Bernstein wa IBM aliwaeleza wenzake programu ya sataranji aliyokuwa akiiandaa. Mmoja wao, John McCarthy, aliona kasoro papo hapo: programu ingepoteza muda kuchunguza hatua ambazo ubovu wake umeshajulikana. Akamshauri azikate. Bernstein hakushawishika.

Hoja ya McCarthy inaonekana wazi ubaoni. Nikisogeza farasi, kisha nikagundua kwamba mpinzani anaweza kumla malkia wangu bure, sina haja ya kupima majibu yake mengine, hata yakiwa 29. Hatua ile nimeshaitupa. Lakini jibu hilo likiwa la mwisho kwenye orodha, nitakuwa nimeshayapima yote na sikuokoa chochote.

Faida yote, basi, iko kwenye mpangilio. Chukua mchezo wenye hatua 30 kila zamu, utazame hatua nne mbele, mbili za kila upande: bila kukata, unapima nafasi 810,000. Ukiwa na mpangilio bora kabisa, zinatosha 1,799. Donald Knuth na Ronald Moore waliichambua hesabu ya namna hii kwa kina mwaka 1975.

Mbinu za mwanzo zilikuwa nyepesi. Anza na kula kete, na kitunda kumla malkia kutangulie malkia kumla kitunda. Jibu lililoua hatua moja, lijaribu kwanza dhidi ya hatua inayofuata.

Mbinu inayonivutia zaidi ni ya David Slate na Larry Atkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, waliyoieleza mwaka 1977. Programu yao ilitafuta kwa kina cha hatua moja, ikarudia kwa mbili, kisha tatu. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi bure. Kumbe kila mzunguko uliuachia unaofuata hatua bora ya kuanzia, na muda uliotumika ukarudi na faida.

Mwaka 1983 Jonathan Schaeffer akaongeza kumbukumbu: hatua, kila inapofaulu kukata tawi, inapewa alama, na yenye alama nyingi inatangulia popote itakapojitokeza tena. Hakuna bingwa aliyeifundisha programu alama hizo. Inazikusanya yenyewe mchezo ukiendelea. Programu ya sataranji ya Stockfish ilipopokea mtandao wa neva mwaka 2020, upimaji wa nafasi ulibadilika sana, lakini majedwali ya alama yalibaki kazini.